Fulana, kofia na cheti

Kuna namba moja naomba uishike kabla hatujaenda mbali: 137,294. Hiyo ndiyo idadi ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii ambao serikali ya Tanzania ilisema, ilipozindua mpango wake jumuishi jijini Dar es Salaam mwezi Januari 2024, kwamba itawaandaa ndani ya miaka mitano. Hesabu yake si ngumu. Chukua vitongoji 64,384, jumlisha mitaa 4,263, zidisha kwa mbili. Wawili kila kitongoji, wawili kila mtaa, mwanamke na mwanamume. Kwa hiyo na mtaa wako umo, hata kama unakaa Sinza na hujawahi kumjua mwenyekiti wako kwa jina.

Najua baadhi yenu mmeshaanza kupiga miayo. Maneno "afya ya jamii" yananuka semina ya siku tatu, ukumbi wenye feni mbovu, chai na maandazi. Lakini ngoja kwanza. Nani kati yetu hajawahi kupigiwa simu kutoka kijijini saa nne usiku, anaambiwa mtoto wa dada anaharisha tangu jana, tufanyeje? Wewe umesomea uchumi au sheria, lakini kwa sababu unakaa mjini umeshakuwa daktari wa simu. Unajibu "mpelekeni hospitali", utadhani hospitali iko nyuma ya nyumba. Mhudumu wa afya wa kitongoji ndiye mtu ambaye angetakiwa kupigiwa simu ile kwanza, naye angefika kwa miguu wakati wewe bado unatafuta salio la kumpigia mjomba.

Kwa hiyo mpango ni mzuri na ninauunga mkono. Wasiwasi wangu uko mahali pengine, na ndio ulionifanya niandike leo. Sisi tumezoea kuyaona mafunzo kama tukio. Yanafunguliwa na mgeni rasmi, yanafungwa na mgeni rasmi, picha ya pamoja inapigwa, watu wanarudi kwao na fulana, kofia na cheti. Halafu tunahesabu vyeti na kusema tumepata wahudumu wa afya. Mimi nasema hapana. Mhudumu wa afya anatengenezwa baada ya cheti. Na kama hiyo sehemu ya pili haina mtu wa kuisimamia wala fungu la kuilipia, basi ile sehemu ya kwanza, pamoja na maandazi yake, ni hela iliyotupwa.

Tuanze na kazi yenyewe, maana watu wengi mjini wanadhani ni kugawa vipeperushi na kuwaambia akina mama wanawe mikono.

Mtoto wa miezi minane anakohoa. Ni mafua tu au ni nimonia? Hakuna eksirei, hakuna daktari, zahanati iko mbali na mto umejaa. Kinachotakiwa hapo ni macho na saa yenye mshale wa sekunde. Mhudumu anamwomba mama amtulize mtoto, anainua nguo, anaangalia kifua kikipanda na kushuka, anahesabu kwa dakika nzima. Asihesabu nusu dakika halafu akazidisha kwa mbili, kwa sababu mtoto mchanga hapumui kwa mpangilio kama saa ya ukutani. Kwa mtoto wa kuanzia miezi 2 ambaye hajatimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni dalili ya kutia wasiwasi. Kwa wa kuanzia mwaka 1 ambaye hajatimiza miaka 5, ni 40 au zaidi. Na kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta hewa, hapo hakuna mjadala tena, ni rufaa.

Kwenye karatasi hiyo ni mistari michache tu. Unaweza kuikariri ndani ya daladala kati ya Ubungo na Kariakoo. Sasa jaribu kwa mtoto wa kweli, anayelia, anayerusha miguu, huku bibi yake anakuambia dawa ya mitishamba ipo tayari na majirani wanachungulia mlangoni. Mara ya kwanza utapata 38. Mara ya pili utapata 56. Ipi ya kweli? Hapo ndipo unamhitaji mtu aliyekwisha kuwahesabu watoto wengi akae pembeni yako, ahesabu na yeye, kisha akuambie kwa upole: "Ulianza kuhesabu akiwa bado analia. Subiri atulie, mpe mama amnyonyeshe, halafu anza upya." Hakuna bango kitita litakalokufundisha hilo.

Na hiyo ni dalili moja tu. Kuna utepe wa rangi wa kupima mzunguko wa mkono wa mtoto wa kuanzia miezi sita hadi miaka mitano. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Ukiukaza kidogo zaidi ya inavyotakiwa, umemwandikia mtoto mzima ugonjwa. Ukiulegeza, umemwacha mtoto anayekufa njaa aende zake. Kuna kipimo cha haraka cha malaria, ambacho ukikisoma kabla ya muda ulioandikwa kwenye paketi kinaweza kukudanganya. Kuna zinki kwa mtoto anayeharisha, ambayo inatakiwa itumike siku 10 hadi 14 pamoja na ORS. Mama yeyote mwenye akili zake ataacha kumpa siku ya tatu akiona choo kimekuwa kizuri. Kumweleza hadi aelewe na aendelee ni ufundi, tena ufundi mkubwa kuliko kukariri dozi.

Lakini mimi naona somo gumu kuliko yote halina utepe wala kipimo. Ni siri. Mhudumu huyu ni jirani. Anajua nani ana kifua kikuu, nani amepoteza mimba, binti wa nani anatumia sindano ya uzazi wa mpango bila baba yake kujua, nani anameza dawa za kufubaza virusi akiwa amezificha kwenye kopo la unga. Kesho anakaa nao kwenye msiba, keshokutwa kwenye kicheni pati. Daktari wa hospitali ya mkoa anaweza kuropoka na asimjue mtu anayemsema. Huyu akiropoka mara moja tu, kazi yake imekwisha kitongoji kizima, na pengine ndoa ya mtu imekwisha pia. Saa mbili za "maadili ya kazi" siku ya mwisho ya mafunzo, wakati kila mtu anafikiria nauli, haziwezi kubeba mzigo huo.

Sasa linganisha na jinsi tulivyozoea kuwafunza. Mradi wa malaria unakuja, unachagua watu wake, unawafunza malaria kwa siku chache. Mradi wa kifua kikuu unakuja, unachagua watu wake. Lishe nao, uzazi wa mpango nao, huduma za majumbani kwa wagonjwa wa UKIMWI nao. Kila mmoja na rejesta yake, fulana yake na posho yake. Mama mmoja kijijini anaweza kuwa na fulana nne za rangi tofauti na asiwe na panadol moja ndani ya mkoba. Mradi ukiisha, na miradi huwa inaisha, yeye anabaki na fulana za kulimia. Hili mpango wa 2024 ulilisema wazi, na ndiyo maana ukaitwa jumuishi: mtu mmoja, mtaala mmoja, miezi sita, mitatu ya darasani na mitatu ya vitendo. Hapo nawapa heko. Miezi mitatu ya vitendo si haba. Lakini na baada ya hapo?

Nauliza hivyo kwa sababu sinema hii tumeshaiona.

Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili walikusanyika kwenye vikundi kusikiliza redio, wakajadiliana habari za malaria, kichocho, minyoo na maji machafu, kisha wakatoka nje wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Wawezeshaji wa vikundi walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Miaka hiyohiyo, baada ya Azimio la Arusha, vijiji vilichagua vijana wao wakafunzwe kuwa wahudumu wa afya wa vijiji. Septemba 1978 dunia ilipokutana Alma-Ata na kutangaza kwamba afya ya msingi ndiyo njia ya kufikia afya kwa wote ifikapo mwaka 2000, Tanzania haikuhitaji kutafsiriwa. Jambo lile lilikuwa tayari linafanyika hapa.

Halafu nini kikatokea? Malipo ya wale wahudumu yalitegemea serikali za vijiji. Uchumi ulipoanguka miaka ya 1980, vijiji havikuwa na cha kuwalipa, zahanati hazikuwa na dawa za kuwapa, magari ya wilaya hayakuwa na mafuta ya kuwafuata walipo. Mmoja akarudi shambani, mwingine akafungua genge, mwingine akahamia mjini. Walichokuwa wamefundishwa hawakukisahau. Kilichowashinda ni kukitumia bila dawa, bila mshahara na bila mtu wa kuwauliza hali.

Unaweza kusema hayo ni ya enzi za wazee. Haya, tuje karibu. Katikati ya miaka ya 2010 serikali ilianzisha kozi ya mwaka mzima ya kada hii, yenye cheti kinachotambulika. Vijana wa kidato cha nne wakajiunga, wazazi wakauza mahindi kulipa ada. Walipomaliza, wengi wao wakakuta hakuna ajira ya kada ile inayowasubiri. Mtu amefunzwa mwaka mzima kutembelea kaya, anaishia kuuza duka la simu. Sina ubaya na duka la simu. Ila nchi yenye upungufu wa watumishi wa afya ikimfunza mtu halafu ikamwacha aende kuuza kava za simu, kosa si la kijana.

Tuangalie majirani, maana mwenzako akinyolewa wewe tia maji.

Ethiopia ilianza mpango wake mwaka 2003. Ilichukua wasichana waliomaliza darasa la kumi kutoka maeneo yaleyale watakayofanyia kazi, ikawafunza mwaka mmoja, ikawapeleka wawili wawili kwenye kila kebele, ambayo ni kama kata yetu ndogo yenye watu wapatao 5,000. Zaidi ya 30,000 waliingizwa kazini ndani ya miaka michache. Na hapa ndipo penye siri yenyewe: waliajiriwa na serikali. Mshahara haukuwa mkubwa na malalamiko yamekuwepo, lakini ulikuwa mshahara. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba Ethiopia imepunguza vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano kwa theluthi mbili ikilinganishwa na 1990, kabla ya muda uliowekwa wa 2015. Sitakudanganya kwamba ni wasichana wale peke yao waliofanya hivyo. Kulikuwa na chanjo, chakula, barabara na mengine. Lakini mtu wa kuifikisha chanjo mlangoni alikuwa nani?

Pakistan ilianza mwaka 1994 na wahudumu wake wanawake. Mafunzo yao yalikuwa miezi 15: mitatu darasani, kumi na miwili kazini chini ya uangalizi, huku wakirudi darasani mara kwa mara kupeleka maswali waliyokutana nayo kwenye nyumba za watu. Tazama uwiano huo. Sehemu kubwa ya mafunzo ilikuwa kazi yenyewe. Hata hivyo iliwabidi waandamane na kwenda mahakamani kwa miaka mingi hadi 2012 ndipo wakatambuliwa kuwa watumishi wa kudumu. Nchi iliwaamini kuingia ndani ya nyumba ambazo mwanamume mgeni haruhusiwi kukanyaga, lakini ilichukua miaka 18 kuwaamini kuwa ni wafanyakazi.

Kenya nayo, Septemba 2023, iliwakabidhi wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 mikoba yenye vifaa, na ikaahidi shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi kwa kila mmoja, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Sheria ya huduma za afya ya msingi ikapitishwa mwaka huohuo. Unaweza kucheka hiyo 5,000, na kwa kazi yenyewe ni ndogo kweli. Lakini angalau imeandikwa mahali, na kilichoandikwa mtu anaweza kukidai.

Hapa huwa nasikia sauti mbili zikipinga.

Ya kwanza ni ya wataalamu. "Mtu wa kidato cha nne, miezi sita, unampa maisha ya watu? Atatuulia wagonjwa." Hofu hii ina msingi na siidharau. Ila jibu lake lipo. Huko Gadchiroli, India, madaktari Abhay na Rani Bang waliwafunza wanawake wa vijijini kuwahudumia watoto wachanga majumbani, pamoja na kutambua na kutibu maambukizi makali. Matokeo waliyochapisha mwaka 1999 kwenye jarida la Lancet yalionyesha vifo vya watoto wachanga vimepungua kwa asilimia 62 ukilinganisha na vijiji ambavyo havikuwa na huduma ile. Siri ilikuwa nini? Wanawake wale hawakuachwa. Walifuatwa, walikaguliwa, walirudiwa, rekodi zao zilisomwa. Kwa hiyo anayesema watu hawa ni hatari ana haki ya kusema hivyo kuhusu mhudumu aliyetelekezwa. Dawa ya hatari hiyo ni usimamizi, siyo kumwacha mtoto bila mtu kabisa.

Sauti ya pili ni ya wenye mifuko. "Hatuna hela. Wajitolee, ni jamii yao." Hapa ndipo huwa napandwa na hasira kidogo, mtaniwia radhi. Hili neno "kujitolea" lina tabia ya ajabu. Mkurugenzi wa mradi hajitolei. Dereva wa gari la mradi hajitolei. Mkufunzi analipwa, mwenye ukumbi analipwa, mchapaji wa fulana analipwa. Anayejitolea ni yule mmoja tu anayetembea juani na mkoba mgongoni, na kwenye nchi nyingi mara nyingi huyo ni mwanamke. Ana watoto, ana shamba, ana mume anayemuuliza kila jioni, "Huko unakozurura unapata nini?" Swali la mume lina mantiki. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2018 kuhusu wahudumu hawa, lilisema walipwe kulingana na kazi, wawe na makubaliano ya maandishi, na malipo yao yasitegemee peke yake, au kwa sehemu kubwa, hesabu ya kazi walizofanya. Halikusema wapewe kofia.

Halafu kuna suala la hela ya nani. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai 1 mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likafunga shughuli zake. Katika nchi kadhaa za Afrika wahudumu wa jamii waliokuwa wakilipwa kupitia miradi ile walipata ujumbe mmoja: acheni kazi. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyekuwa anafuatwa nyumbani Ijumaa, Jumatatu hakuona mtu. Mtu huwezi kumlaumu mgeni kwa kuondoka na mwavuli wake. Swali ni kwa nini nyumba yetu haikuwa na paa.

Sasa, mafunzo ya maana yangekuwaje? Mimi si mkufunzi wa afya, ni mwandishi tu, lakini nikiangalia waliofaulu naona mambo matano yanajirudia.

Kwanza, kuchaguliwa. Mkutano wa kitongoji wenyewe umchague mtu wanayemwamini na siri zao, siyo mpwa wa mtendaji aliyekuwa anatafuta cha kufanya. Ukikosea hapa, hata ukimfunza miaka mitano umepoteza.

Pili, mikono kabla ya daftari. Asitoke mtu na cheti kabla hajahesabu pumzi za watoto wengi mbele ya muuguzi, hajapima utepe, hajakaa na mama aliyegoma kwenda kliniki akamsikiliza. Cheti kitolewe kwa alichoweza kufanya. Mahudhurio ni ya kupata posho.

Tatu, usimamizi shirikishi, lakini shirikishi kweli. Muuguzi wa zahanati atoke amfuate mhudumu kule aliko, waingie nyumba mbili tatu pamoja. Siku hizi usimamizi umegeuka kuja kukagua rejesta na kusaini kitabu cha wageni. Na muuguzi naye apewe muda na usafiri wa kufanya hivyo, maana zahanati nyingi zina watumishi wawili watatu, na foleni ya wagonjwa haimsubiri mtu.

Nne, mkoba usiwe mtupu. Mhudumu akifika mara tatu kwa mama yuleyule bila ORS, bila zinki, bila kipimo, mara ya nne mama hatafungua mlango. Na ana haki. Imani ya kijiji hujengwa kwa mwaka mzima na huvunjwa na mkoba mtupu mara tatu tu. Vivyo hivyo rufaa: akimwandikia mama karatasi, zahanati impokee kwa heshima, siyo kumuuliza, "Nani kakwambia uje?"

Tano, malipo yanayojulikana, yanayofika kwa wakati, na njia ya kupanda ngazi. Kijana aliyefanya kazi vizuri miaka mitatu apate nafasi ya kusomea uuguzi. Bila hivyo tunamwambia akae pale pale mpaka achoke.

Ukiangalia vizuri, katika matano hayo ni moja tu linalotokea darasani. Mengine yote yako nje ya ukumbi, mahali ambapo hakuna mgeni rasmi wala picha ya pamoja. Ndiyo maana bajeti zetu hupenda kuishia ukumbini.

Na usidhani hii ni habari ya vijijini peke yake. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipothibitishwa mkoani Kagera, watu waliokaa karibu na wagonjwa walitakiwa kufuatiliwa kwa siku 21 kila mmoja. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mashine. Inahitaji mtu anayejua nani alimuuguza nani, nani alihudhuria msiba, nani amejificha kwa shangazi. Ugonjwa kama huo ukitua Manzese, ambako mpangaji hamjui mpangaji mwenzake wa chumba cha pili, utahitaji watu hao mara kumi zaidi. Na hawatapatikana wiki hiyo ya mlipuko. Ama wapo tangu zamani, wamezoeleka, wanaaminika, ama hawapo.

Vyombo vyetu vya habari navyo vinaujua uzinduzi vizuri sana. Tunajua nani alikata utepe. Ningependa kusoma habari moja tu iliyoandikwa miezi kumi na minane baada ya uzinduzi, kutoka kitongoji kimoja, inayosema yule dada bado anatembea au ameacha, na kwa nini.

Wakati tunaisubiri habari hiyo, wewe unaweza kuanza kuiandika kwenye mtaa wako. Nenda kwenye mkutano wa mtaa, hata kama ni mara yako ya kwanza. Uliza maswali manne tu. Mhudumu wetu wa afya ni nani? Nani kutoka zahanati amemtembelea mara ya mwisho, na lini? Mkoba wake una nini leo? Amelipwa lini? Kama mwenyekiti ana majibu yote manne, mpigie makofi, anastahili. Kama jibu pekee ni kwamba amepewa cheti, na alama za kuulizia zimebaki tatu, basi ujue 137,294 bado ni namba tu.

Naomba kutoa hoja. Wenzangu mlio mikoani, na hasa mnaowajua wahudumu hawa kwa sura, niambieni: kwenu wapo, au walikuwepo?